Fuawe iliyobaki kijijini: historia fupi ya wahunzi wa Katanga



Mtaa wetu wa Golf watu wanaujua kwa nyumba zake kubwa na kuta ndefu. Lakini nyuma ya parsele moja, ukipita asubuhi, unasikia chuma kinapiga chuma. Ni mzee mmoja aliyekuja kutoka upande wa Mitwaba wakati wa vita. Anatengeneza majembe, visu, patasi na miguu ya mbabula. Fuawe yake ni kipande cha reli ya zamani, kimesimamishwa ndani ya gogo. Siku nilipomtembelea alikuwa anakitengeneza, kwa sababu ukingo wake ulikuwa umemeguka.

Nilimwuliza fuawe yake ya zamani iko wapi. Alinijibu: "Ile ya baba yangu ilibaki. Mtoto unambeba mgongoni, mwanangu. Nyundo ya baba niliifukia mu udongo, nikakimbia."

Neno hilo la kufukia lilinikumbusha habari kubwa ya nchi yetu, ambayo vijana wengi hawajaisikia. Ndiyo ninayowaletea leo.

Kaskazini ya Katanga, katika bonde la Upemba, pembeni ya mto Lualaba na maziwa yake, wataalamu wa vitu vya kale walichimba makaburi mengi ya wazee wetu. Kazi kubwa ilianza Sanga mwaka wa 1957, na iliendelea miaka ya 1970. Pale Kamilamba waliona kaburi la mtu mkubwa aliyezikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alizikwa na shoka la heshima, na karibu na kichwa chake iliwekwa fuawe ya chuma. Mbali na hapa, nchini Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofunguliwa mwaka wa 1969, napo zilikutwa nyundo za chuma upande wa kichwa.

Kwa nini mkubwa azikwe na chombo cha fundi? Kwa sababu zamani mhunzi na mtawala walikuwa karibu sana. Anayetengeneza jembe ndiye anayelisha kijiji, na anayetengeneza mkuki ndiye anayekilinda. Masimulizi ya Waluba yanasema Kalala Ilunga, aliyeanzisha ufalme, ndiye aliyeleta ufundi mzuri wa chuma. Fuawe ya Kiluba ilikuwa na umbo la msumari mkubwa wenye kichwa kinene: ukiichomeka chini ni fuawe, ukiishika mkononi ni nyundo. Mafundi walitengeneza pini ndogo za umbo hilohilo, wanawake wakazichomeka katika nywele zao, na nyingine zikawekwa juu ya fimbo za kifalme.

Huku kusini, wazee walikuwa na shaba. Walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala na kupuliza kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikatiririka. Shaba hutaka joto la nyuzi 1,085 ili iyeyuke, na wazee walilipata bila umeme hata kidogo. Ile shaba waliimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali: ilitumika katika biashara, katika mahari, hata katika kuzika wafu. Wakati wa Msiri, mfalme wa Wayeke kule Bunkeya, mafundi walivuta shaba mpaka ikawa waya mwembamba wa bangili. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na nchi ikaingia mikononi mwa watu wa mfalme Leopold.

Hapo ndipo kazi ya mhunzi ilipobadilika. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli ilifika hapa mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 tanuru la kampuni lilitoa shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Mawe ya wazee yakawa mali ya kampuni. Majembe yakaja kwa treni, tayari yametengenezwa. Mjukuu wa mhunzi akaingia kwenye atelie ya kampuni, akafundishwa kutumia mashine, akapewa namba na mshahara. Msalaba wa shaba ukabaki picha: mwaka wa 1960 uliwekwa kwenye bendera ya Katanga, na mwaka wa 1961 kwenye sarafu yake. Lakini tanuru la kichuguu lilikuwa limezimika.

Kisha kampuni nayo ikaanguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka wa 1994 haikufikisha tani 50,000. Mwaka wa 2003 na ule uliofuata, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walirudi nyumbani na kitu kimoja tu kisichoweza kunyang'anywa, yaani ufundi wa mikono. Ndivyo karakana ndogo zilivyoota katika parsele zetu, Katuba, Kenya, Kamalondo, mpaka huku Golf.

Turudi kwa mzee wetu. Nilikaa naye nikaangalia anavyofanya, maana kuna jambo la kujifunza. Tanuru lake ni janti ya gari iliyopakwa udongo wa kichuguu kwa ndani, uleule wa wazee. Hewa inatoka kwenye feni ndogo ya kuzungusha kwa mkono, inapita katika bomba la chuma cheusi. Bomba lililopakwa zinki halitaki, kwa sababu zinki ikiungua inatoa moshi wenye sumu. Tanuru liko chini ya paa lisilo na kuta, kwa kuwa makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu wamelala.

Reli yake ameisimamisha wima, hakuilaza. Ikisimama, uzito wote wa chuma unakuwa chini ya nyundo, na pigo halipotei. Urefu wake unafika kwenye ngumi yake akiwa amesimama na mkono umening'inia, ili mgongo usiumie. Ule ukingo uliomeguka hakuusaga mpaka uso wote uwe sawa, kwa sababu ukisaga sana unapunguza chuma kizuri cha juu. Aliupasha moto kwanza, polepole, ndipo fundi wa kuunga vyuma akajaza pale palipomeguka kwa fimbo ya chuma kigumu. Baadaye wakaufunika kwa majivu upoe taratibu. Ukiunga chuma kigumu kikiwa baridi, kesho kinapasuka pembeni ya kiungo. Mwisho akadondosha gololi ya beringi juu ya fuawe. Iliruka juu vizuri. Alicheka, akasema: "Imepona."

Nimeandika haya kwa sababu tunapohesabu waliohama, tunahesabu vichwa, mahema na magunia ya unga. Hatuhesabu ufundi. Mtu anafika Lubumbashi tunamwita mkimbizi, kumbe ana mikononi kazi iliyowapa wazee wetu ufalme. Vijana wawili wa mtaa sasa wanakuja kwake kila asubuhi. Mmoja ni mtoto wa hapahapa Golf, mwingine familia yake ilitoka Pweto. Wote wawili wameshatengeneza patasi yao ya kwanza kwa kipande cha resori ya gari.

Nilipoaga nilimwuliza kama ataifukua ile ya baba yake siku moja. Alisema anakumbuka mti uliopo jirani, na hatua ni ngapi kutoka kwenye mti. Hatua hizo amewaambia watoto wake wote, mmoja mmoja.

Nawe unayetusikiliza, kama kwenu kulikuwa na mhunzi, keti na wazee wakusimulie jina lake na namna alivyojenga tanuru lake. Kisha waambie watoto.