UZI: Ile "miaka 99" ya ardhi ya Wamaasai ilitoka wapi?

1/ Siasa zikichemka hapa Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Namanga, lazima mtu aseme: "Wazungu walikodi ardhi ya Wamaasai kwa miaka 99, na muda uliisha 2004." Hebu tuangalie hii maneno polepole.

2/ Agosti 1904 viongozi wa Kimaasai, akiwemo Laibon Olonana, walitia alama zao kwenye makubaliano na serikali ya kikoloni. Watu wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, karibu na reli, ili walowezi wapate nafasi. Wakabakishiwa maeneo mawili: Laikipia, na huku kusini ambako Kajiado iko leo.

3/ Sasa soma karatasi yenyewe. Miaka 99 haimo. Kilichomo ni kwamba makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo. Yaani milele.

4/ Hiyo milele ilidumu miaka 7. 1911 yakaletwa makubaliano mengine, na wale wa Laikipia wakaswagwa kuja kusini na mifugo yao. 1913 wakaenda kortini, kesi ya Ole Njogo. Ikatupwa: korti ilisema hayo ni makubaliano ya dola kwa dola, haina uwezo wa kuyaamua. Siku ya kuhamishwa wewe ni mtawaliwa, siku ya kudai haki unaambiwa wewe ni dola!

5/ Basi 99 ni ya nini? Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu serikali kuwakodishia walowezi ardhi hadi miaka 99. Ya 1915 ikapandisha hadi 999. Hiyo ilikuwa kati ya serikali na mlowezi, Mmaasai hakuhusishwa. Inaelekea mambo mawili yalichanganywa.

6/ Agosti 2004 watu waliandamana Nairobi, na huko Laikipia wengine wakaingiza mifugo kwenye ranchi. Mzee mmoja alipigwa risasi na polisi akafa. Dai lao lilikuwa la haki kabisa. Lakini ukisimama kwenye "miaka 99", mpinzani anakuuliza tu "imeandikwa wapi?" na mjadala umeisha. Ukisimama kwenye ahadi ya milele iliyovunjwa, hana pa kutorokea.

7/ Ndiyo maana kufundisha watoto kuhakiki habari si kazi ya mwalimu wa kompyuta peke yake. Mtaala wetu wa umilisi unataja ufikiriaji wa kina na ujuzi wa kidijitali. Sawa. Lakini mtoto anaweza kujua kutumia tableti na asijue kuuliza: Nani aliandika hii? Lini? Hati asili inasemaje? Nani anafaidika nikiamini?

8/ Kuna wanaosema dawa ni sheria kali. Sheria ya kuadhibu habari za uongo ilipitishwa 2018, na bado magrupu ya WhatsApp yamejaa uvumi. Tena kumbuka 1904 walioandika karatasi na walioivunja walikuwa serikali yenyewe.

9/ Mwalimu wa historia Kajiado, Narok au Laikipia angeweza kuanza na hati hiyo moja, kipindi kimoja: wanafunzi waisome, kisha walinganishe na walichosikia nyumbani. Nyinyi shuleni mliwahi kuonyeshwa hiyo hati? Niambieni hapo chini.