Afisa wa watoto anapopiga hodi: mambo ya kujua kabla ya kuchukua mtoto wa kulea

Asubuhi ile mke wangu alifagia ua mara tatu. Tulikuwa na miaka 11 ya ndoa bila mtoto, na afisa wa watoto alikuwa anakuja kutukagua. Nilidhani anakuja kuhesabu viti, nikaazima zulia kwa jirani.

Zulia hakulitazama. Aliuliza mtoto atalala wapi, nani atabaki naye tukienda kazini, na kama kisima cha uani kina kifuniko. Kisha akataka kuzungumza na kila mmoja wetu peke yake, mpaka mama yangu tunayeishi naye.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu hapa Pwani hulea watoto kimyakimya, bila karatasi, na siku ya matatizo mtoto hana pa kushika.

Kuasili na kafala

Sheria ya Watoto ya 2022 inazitambua njia zote mbili.

Kuasili humfanya mtoto kuwa wenu kisheria, kama mliyemzaa, urithi ukiwemo. Mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mtoto awe na wiki 6 au zaidi, atangazwe rasmi kuwa huru kuasiliwa, na akae nanyi miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani.

Kafala ni malezi katika familia ya Kiislamu bila kukata nasaba ya mtoto. Haitwi kwa jina la baba mlezi. Hana fungu katika mirathi, lakini waweza kumuusia hadi thuluthi ya mali yako, au kumpa hiba ungali hai.

Sisi tulichagua kafala, na likaja suala la umahramu. Katika madhehebu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa mara 5 kabla ya kutimiza miaka 2 huwa mwana wa kunyonya. Basi tukakubaliana: tukipewa mvulana, atanyonyeshwa na dadake mke wangu; akiwa msichana, na dada yangu. Yaulizeni haya kwa mashekhe mapema, mtoto angali mchanga.

Mnayotakiwa kuwa nayo

Tuliombwa vitambulisho, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema cha polisi, ripoti ya daktari, ushahidi wa kipato, na watu wanaotujua wa kutusemea.

Msifiche kitu

Mimi nina sukari, na nilitaka kunyamaza. Mke wangu akaitaja. Afisa aliuliza tu: "Baba, ukilazwa, nani atamwangalia mtoto?" Tukamtaja ndugu yangu, naye akaenda kuzungumza naye.

Mtihani wetu ulikuwa kwa mama. Aliulizwa: "Mama, hawa wakija kupata wao wa kuzaa, huyu utamweka wapi?" Mama akanyamaza. Afisa akafunga daftari, akasema atarudi.

Usiku ule mke wangu alilia. Mimi nilimkasirikia mama, mpaka aliposema lililomkaa moyoni: aliogopa mtaa utamwita mtoto mwana wa haramu, na yeye hataweza kumkinga. Tulikaa naye siku nyingi, pamoja na shangazi zangu. Afisa aliporudi, mama ndiye aliyemfungulia mlango, akamwambia: "Atalala chumbani kwangu."

Leo kijana wetu ana miaka 4. Anajua kuwa yuko mama mwengine aliyemzaa. Tulimwambia wenyewe, kabla mtaa haujamwambia.

Ukiletewa mtoto mlangoni

Usimchukue kwa siri, wala usitoe pesa kwa anayekuletea. Kununua mtoto ni jinai. Nenda ofisi ya watoto iliyo karibu nawe, au piga 116, simu ya bure ya watoto. Ukaguzi unachosha na maswali mengine yanauma. Lakini afadhali yaulizwe nyumba ikiwa bado haina mtoto, kuliko aje kuyajibu yeye.