Ngazi na Mimbari: Ufananifu wa Biashara ya Mtandao na Madhehebu Yenye Kumiliki Wafuasi

Kuna biashara ambayo bidhaa yake kubwa si ile iliyomo katika kikapu cha mwuzaji. Mwuzaji huonyesha sabuni, au vidonge vya vitamini, au mafuta ya uso. Lakini kitu anachotaka hasa kumpa mnunuzi ni nafasi ya kuwa mwuzaji kama yeye, chini yake, ili fungu la jasho la huyu wa pili limfikie yule wa kwanza, na fungu la jasho la wa tatu liwafikie wote wawili. Siku hizi huitwa biashara ya mtandao. Katika makala hii nitaiita biashara ya ngazi, kwa sababu mtandao hauna juu wala chini, na biashara hii ina vyote viwili.

Imesemwa mara nyingi kwamba mikutano ya biashara hii hufanana na ibada. Kuna nyimbo, kuna machozi, kuna shuhuda za waliokuwa maskini wakawa matajiri. Ufananifu huu wa nje si hoja ya kutosha, maana jeshi lina nyimbo, na timu ya mpira ina machozi. Ninalokusudia kuonyesha ni kwamba kati ya biashara ya ngazi na yale madhehebu machache yenye kumiliki wafuasi wake mwili na roho, upo ufananifu wa ndani zaidi, nao ni wa namna ya kuhesabu. Faida huandikwa kwa jina la mafundisho. Hasara huandikwa kwa jina la mfuasi. Palipo na daftari la namna hiyo, hapana tukio lolote duniani linaloweza kuyashitaki mafundisho.

Asili ya biashara hii ni California. Mwaka 1934 Carl Rehnborg alianzisha huko kampuni ya vitamini, ambayo mwaka 1939 ilipewa jina la Nutrilite. Mpango wa ngazi ulikuja mwaka 1945, kazi ya Lee Mytinger na William Casselberry. Wa kwanza alikuwa mwuzaji wa viwanja vya makaburi, na wa pili alikuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi. Kwa mpango wao mtu alipata faida kwa alichouza mwenyewe, tena akapata fungu katika mauzo ya kila aliyemwingiza. Pamoja na vidonge, wauzaji walitumia kijitabu kilichofundisha njia ya kupona na kudumu katika afya. Serikali ya Marekani iliona kijitabu hicho kinapotosha, ikakamata shehena za bidhaa mwaka 1948. Shauri likafika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1950, na mwaka 1951 amri ya mahakama ikaweka mipaka ya sifa ambazo vidonge vingeweza kupewa. Mpango wa kuingizana haukuguswa.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo. Tunayo maneno mawili, ushahidi na ushuhuda, yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu, walakini matumizi yameyatenga. Ushahidi hupelekwa mbele ya hakimu, ukapimwa, ukaulizwa maswali, na aghalabu ukakataliwa. Ushuhuda hutolewa mbele ya kusanyiko, nalo huupokea kwa shangwe. Biashara ya ngazi tangu utoto wake iliutegemea ushuhuda kwa mambo yaliyohitaji ushahidi.

Katika miaka ya 1960 ngazi iliikaribia mimbari zaidi. Mwaka 1964 William Penn Patrick alianzisha Holiday Magic, kampuni ya vipodozi, huko huko California. Mwaka 1967 akaongeza chuo cha kufunza viongozi, Leadership Dynamics Institute, ambacho ada yake ilikuwa dola 1,000. Gene Church na Conrad Carnes, katika kitabu walichokitoa mwaka 1972, wanaeleza yaliyopita humo: watu kupigwa, kufungiwa katika majeneza, kufungwa msalabani, na kulazimishwa kukiri aibu zao mbele ya wenzao, yote kwa ajili ya kuwafanya wauzaji hodari. Mwaka 1973 serikali iliishitaki kampuni kwa udanganyifu, na mwaka huo huo Patrick akafa katika ajali ya ndege.

Glenn Turner, mtoto wa mkulima maskini wa South Carolina, alikwenda mbali kuliko huyo. Kampuni yake ya Koscot, iliyoanzishwa Florida mwaka 1967, iliuza vipodozi. Lakini kampuni yake nyingine, Dare to Be Great, iliuza ushujaa mtupu. Mnunuzi alilipa dola 300 kwa daraja la kwanza la mafunzo, na hadi dola 5,000 kwa daraja la juu, akapata kanda za sauti, vitabu, na haki ya kuwaleta wengine walipe vile vile. Mahakama ya Rufani ya Marekani ilipoamua shauri la kampuni hizo mwaka 1973, majaji waliandika kwamba mikutano yake ilifanana na ile mikutano ya zamani ya uamsho wa dini, ila furaha iliyohubiriwa ilikuwa ya fedha rahisi badala ya wokovu. Mahakimu hawa hawakuwa wanafalsafa. Walieleza tu walichokiona katika ushahidi.

Ili tupime ufananifu huu kwa mizani iliyo thabiti, yafaa tuazime kazi za wataalamu wawili ambao hawakuandika habari za sabuni wala vipodozi. Wa kwanza ni Robert Jay Lifton, daktari wa maradhi ya akili, ambaye katika miaka ya 1954 na 1955 aliwahoji huko Hong Kong watu 40, wa Magharibi 25 na Wachina 15, waliokuwa wamepitishwa katika kazi ya kugeuzwa mawazo nchini China. Kitabu chake cha mwaka 1961 kilitaja alama 8 za mahali panapotawala fikira za watu. Baadhi yake ni hizi: kuzuia habari za nje zisiingie, kudai maungamo, kutumia lugha maalumu inayokata mazungumzo kabla hayajaanza, na kuyaweka mafundisho juu ya yale ambayo mtu ameyaona kwa macho yake. Katika biashara ya ngazi alama hizi si ngumu kuziona. Ndugu anayeuliza habari za hasara huitwa mwizi wa ndoto, na mwanachama huonywa asikae naye. Neno hilo moja humaliza kazi mbili: humnyamazisha mwenye swali, na humfariji mwenye kuulizwa.

Mtaalamu wa pili ni Leon Festinger, ambaye pamoja na wenzake wawili alichunguza kikundi kidogo cha Marekani kilichoamini kwamba gharika ingeangamiza nchi tarehe 21 Desemba 1954, na kwamba waaminio wangechukuliwa na chombo kutoka nyota nyingine. Siku ikafika, gharika isitokee. Kitabu chao cha mwaka 1956 kilitoa habari ya ajabu. Wale waliongoja pamoja katika nyumba moja hawakuacha imani. Bali walianza kuitangaza kwa bidii kuliko zamani. Wale waliongojea peke yao majumbani kwao, wengi wao imani ililegea. Kumbe kisichotimia hakiwatawanyi watu wakiwa pamoja. Huwatuma nje kutafuta wafuasi wapya, kwa maana kila mfuasi mpya ni faraja kwamba jambo lazima liwe la kweli. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyenunua mali ya miezi sita na hajaiuza. Dawa anayopewa ni kuingiza watu wengine.

Lakini ahadi ya ngazi hukataliwa na hesabu kabla haijakataliwa na tukio. Tuseme mtu mmoja aingize 6, na kila mmoja wao aingize 6. Daraja la kumi peke yake litahitaji watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga, watu 61,741,120. Na madaraja yote kumi kwa jumla yanahitaji zaidi ya milioni 72. Hata hilo si jambo kubwa kuliko yote. Kubwa ni kwamba ngazi ikisimama popote, katika daraja lo lote, watu watano katika kila sita watakuwa chini kabisa, hawana mtu wa kuwabeba. Hasara yao haikutokana na uvivu. Imejengwa pamoja na ngazi, kama kivuli na mti wake. Basi mafundisho yanayowaambia watano hawa kwamba walikosa imani ni mafundisho yanayohitaji watu walioshindwa, na huku yanawahukumu kwa kushindwa.

Sheria ilijaribu kulipima jambo hili, ikapima upande mmoja. Mwaka 1975, katika shauri la Koscot, Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliamua kwamba uharamu ni kulipwa kwa kuingiza watu pasipo uhusiano na bidhaa kumfikia mtumiaji. Kisha ikaja zamu ya Amway, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1959 na Rich DeVos na Jay Van Andel, ambao wenyewe walikuwa wauzaji wa Nutrilite tangu mwaka 1949. Uamuzi wa mwaka 1979 ulisema kampuni hiyo si piramidi, kwa sababu ya kanuni zake tatu: kumrudishia fedha anayejitoa kwa mali asiyoiuza, kumtaka mwanachama auze asilimia 70 ya mali kabla ya kuagiza nyingine, na kumtaka awe na wateja 10. Tume iliikataza kampuni kupanga bei na kuzidisha habari za mapato, ikaiacha iendelee.

Miaka michache baadaye jimbo la Wisconsin lilichunguza hati za kodi za wauzaji wa Amway waliofikia daraja la juu jimboni humo, ambao walikuwa kama mmoja tu katika kila mia. Ilionekana kwamba kwa wastani hata hao walipata hasara ya dola 918 kwa mwaka, baada ya kutoa gharama zao. Mwaka 1983 DeVos mwenyewe aliwakemea, kwa kanda alizowapelekea, wakubwa wa ngazi waliokuwa wakitajirika kwa kuwauzia walio chini yao kanda, vitabu, na tikiti za mikutano. Na mwaka 1985 Stephen Butterfield, mwalimu aliyekuwa mwuzaji wa kampuni hiyo, alitoa kitabu kilichoiita madhehebu. Sheria ilikuwa imepima sabuni. Mahubiri, ambayo kwa baadhi ya watu yalikwisha kuwa bidhaa yenyewe, yalipita mlangoni bila kupimwa.

Afrika Mashariki mambo haya yamefika kwa sura zote mbili. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, zilizoongozwa na wachungaji, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Hapo hapakuwa na sabuni ya kumchanganya hakimu. Palikuwa na fedha na maneno. Mwanachama hakuambiwa aweke fedha; aliambiwa apande mbegu. Hakuambiwa atalipwa, aliambiwa atavuna. Kwa msikilizaji aliyelelewa katika Injili, kupanda na kuvuna ni ahadi ya Mungu, na mbegu isiyoota humfanya mpanzi autazame udongo wa moyo wake kabla hajamtazama aliyempokea mbegu.

Jambo moja la lugha linanisikitisha. Sheria na magazeti yetu huiita michezo hiyo upatu. Hilo ni kulidhulumu neno jema. Katika upatu wa akina mama, watu 10 wakichanga shilingi 10,000 kila mwezi, kila mmoja hupokea 100,000 mara moja katika miezi 10, na mwisho wa mzunguko kila mtu ametoa sawasawa na alichopokea. Wa kwanza amekopeshwa. Wa mwisho ameweka akiba. Hakuna aliyekula cha mwenzake. Upatu ni duara. Duara na ngazi haziwezi kuwa na jina moja.

Haki yataka nitaje tofauti pia. Kanungu, nchini Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea katika moto, baada ya unabii wa mwisho wa dunia kutotimia. Na katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400. Kumlinganisha mtu aliyepoteza mshahara na hao ni kukosa kiasi. Tena wako waliouza mali katika ngazi, wakapata haja yao, wakaondoka salama. Hata hivyo, hasara ya ngazi haipimwi kwa fedha tu. Mwanachama mpya huagizwa aandike majina ya watu wote anaowajua, kuanzia ndugu na majirani, kisha awafuate mmoja mmoja. Siku atakapotoka atakuta kwamba alichotumia kama mtaji ni udugu, nao haurudishwi kwa kanuni ya kurudisha mali.

Wala haifai mtu adhani kwamba lawama hii ni ya dini kwa jumla. Nabii Ayubu alipopatwa na msiba, rafiki zake walimwambia, kwa maneno mengi na mazuri, kwamba lazima kosa lilikuwa lake. Kitabu chake katika Biblia kinamalizika kwa rafiki hao kukemewa, na si yeye. Imani iliyo hai humpa mja nafasi ya kusema, Nimetii na nimeumia, bila ya kugeuziwa kidole. Madhehebu yenye kumiliki watu hayatoi nafasi hiyo, wala biashara ya ngazi haiitoi.

Basi mwanafunzi anayemaliza chuo, akaalikwa katika ukumbi wenye nyimbo na ahadi, hahitaji kuwa bingwa wa hesabu wala wa sheria. Amwulize mwenyeji wake swali moja: Je, amepata kuwako mtu aliyefuata mafundisho yenu yote, asifanikiwe, nanyi mkasema kosa ni letu? Kama hayuko hata mmoja, si kwamba mafundisho hayajakosea. Ni kwamba daftari halina ukurasa wa kuliandika kosa hilo.