Mbegu na Kinu

Msomaji mpenzi, siku utakapopata nafasi ya kutembea katika soko la Karatina, chini ya Mlima Kenya, vitazame vyakula vilivyopangwa mbele yako. Utaona viazi, kabeji, karoti, maharagwe na ndizi, na vingi katika hivyo vimetoka katika mashamba ya jirani. Kisha ingia dukani, uulize mafuta ya kupikia. Aghalabu utapewa mafuta ya mawese, ambayo asili yake ni Malaysia au Indonesia, ng'ambo ya bahari. Je, imekuwaje nchi yenye rutuba namna hii kununua mbali kitu kitumikacho jikoni kila siku? Wala mafuta si anasa: humtia mtu nguvu, na huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika karoti na mboga za majani.

Hapo kale wenyeji wa Nyeri hawakuwa na haja kubwa ya mafuta ya kukaangia. Chakula chao kilikuwa cha kuchemsha, kama vile githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Mafuta waliyoyajua sana yalikuwa ya mbarika, nayo yalikuwa ya kujipaka mwilini na kulainisha mavazi ya ngozi. Huko Pwani mambo yalikuwa mengine. Lamu, Mombasa na Unguja watu walishindika ufuta katika vinu vikubwa vilivyozungushwa na ngamia. Mwaka 1902 Waingereza walijenga boma la askari Nyeri, wakafuata wenye maduka, na desturi ya kukaanga ikaenea polepole. Haja ya mafuta ikaja, lakini kinu cha mafuta hakikuja pamoja nayo.

Usidhani kwamba wakulima wa Nyeri walikuwa wavivu wa kupokea mazao mapya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga kiwanda cha kukausha mboga papo hapo Karatina, ili askari wapate chakula. Wakulima wakalima mboga kwa bidii. Vita vilipokwisha haja hiyo ikaisha, kiwanda kikafungwa, na wakulima wakabaki bila mnunuzi yule. Baadaye, katika mwaka wa 1954, ulitangazwa mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la Swynnerton, nao ulihimiza Waafrika walime kahawa, chai na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati kilianza kazi karibu na Karatina kwa ajili ya wakulima wadogo. Kahawa nayo ilipata viwanda vya kuimenya na kuiosha huko huko vijijini. Mazao hayo yamedumu hata leo. Waona basi, msomaji, kwamba mkulima hufuata kiwanda kilicho karibu naye. Ila viwanda hivyo vilikuwa vya vitu vya kuuza ng'ambo, wala havikuwa vya mafuta ya jikoni.

Na tuitazame sasa alizeti, ambayo mbegu zake zina mafuta mengi. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji waliipanda kwa chakula tangu maelfu ya miaka. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kwa muda mrefu huko ikawa hasa ua la kupamba bustani. Yasimuliwa kwamba mwaka 1829, katika kijiji cha Alekseyevka nchini Urusi, mtwana wa kabaila mmoja, jina lake Daniil Bokaryov, alikamua mbegu zake kwa shinikizo la mkono, akapata mafuta mazuri. Baada ya miaka michache vinu vikajengwa, na nyanda za Urusi na Ukraine zikajaa alizeti. Ua lilikuwa lile lile. Kilichoongezeka ni kinu.

Hata hivyo, mitambo na fedha peke yake havitoshi. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na upungufu wa mafuta baada ya vita, walianza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, hasa Kongwa. Walileta matrekta mengi, lakini hawakuijua ardhi wala mvua yake. Karanga hazikustawi, na alizeti waliyoijaribu ilipatwa na ukame. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Lakini angalia: mikoa ya Dodoma na Singida, katika nyanda zile zile za kati, leo inasifika kwa alizeti. Hailimwi kwa jeshi la matrekta, bali na wakulima wa kawaida wanaoyajua majira yao, na vinu vidogo viko karibu nao.

Mwaka 1985, mjini Arusha, fundi wa Kimarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni shinikizo dogo la mkono ambalo watu wa kijiji waliweza kulitumia bila umeme. Katika miaka ya 1990 mashine za namna hiyo zikauzwa Kenya pia. Lakini kazi yake ilikuwa nzito na mafuta yake machache, na mawese ya kigeni yalikuwa rahisi kupatikana. Nchi ikaendelea kuagiza.

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi Februari 2022 Urusi iliishambulia Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikitoa zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti duniani. Mwezi Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke kwa majuma kadhaa. Vita vilikuwa mbali, lakini bei ilipanda hata katika maduka ya Nyeri, na mama wa nyumbani akapunguza kijiko.

Upande wa Kieni, kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mvua ni haba, na chai haiwezi kustawi. Alizeti huvumilia ukame kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana. Tena mbegu zikishakamuliwa hubaki mashudu, chakula chema cha ng'ombe wa maziwa, ambao Nyeri inao wengi. Basi, msomaji, utakaposikia kwamba wakulima wamegawiwa mbegu za alizeti, furahi, lakini uliza pia kinu kitakuwa wapi, na ni nani atakayenunua. Wazee wa Karatina waliolimia kiwanda cha mboga wangekuuliza hayo kwanza.