Kibarua na Moyo wa Kazi

Msomaji mpenzi, wajua asili ya neno “kibarua”? Ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu aliyeajiriwa kwa siku moja tu. Jua likichwa, ahadi nayo imekwisha.

Hivyo ndivyo walivyoishi makuli wengi wa bandari ya Kilindini, Mombasa, katika miaka ya 1930. Meli ikitia nanga, waliitwa. Isipokuja meli, walirudi nyumbani mikono mitupu. Matajiri walinung’unika kwamba watu hawa hawana moyo wa kazi, leo wapo na kesho hawapo. Lakini tuulize kwa haki: nani alikataa kwanza kujifunga kwa mwenziwe?

Vita vya pili vya dunia vilipandisha bei ya vyakula na kodi ya nyumba. Tarehe 13 Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa mji, makuli na watu wa reli, wapishi na madobi, waliacha kazi kwa muda wa siku zipatazo 12. Walikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Walitaka mshahara wa kutosha, naam, lakini walitaka pia heshima, na ujira ulio sawa kwa kazi iliyo sawa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo, akahamishiwa Baringo.

Hata hivyo hoja yao haikuhamishwa. Mwaka 1954 kamati ya serikali ilikiri kwamba mshahara ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu mseja, hali wafanyakazi walikuwa na wake na watoto. Mwaka 1955 makuli waligoma tena. Tom Mboya akasaidia mapatano, na nyongeza ikapatikana. Katika miaka hiyo ajira ya mwezi ikaenea bandarini, na kuli akaanza kuihesabu kazi kuwa yake.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Lakini kisa hiki chatufundisha zaidi: mshahara huuleta mkono kazini, matumaini ya kesho, haki na heshima huuleta moyo. Nawe msomaji, huenda siku moja ukawaajiri watu. Usiwadai uaminifu wa miaka kwa ahadi ya siku moja.