Maktaba na Wakfu Wake: Kutoka Lamu hadi Buganguzi

Fedha za kujengea maktaba, zikitafutwa kwa bidii, hupatikana. Zenye mashaka ni fedha za kuiweka hai. Harambee hukusanya saruji na mabati kwa siku moja, lakini ujira wa mkutubi, vitabu vipya na paa linalovuja hurudi kila mwaka kudai chao. Historia ya maktaba katika Afrika Mashariki imejaa ushahidi wa jambo hilo, nayo yafaa isomwe kabla hatujashika kapu la michango.

Tuitazame Buganguzi, kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Hapo tumo katika nchi ya Wahaya, nchi ya migomba na mibuni, ambako kibanja cha mkulima huizunguka nyumba yake. Watu wa huko walikwisha kutambua zamani kwamba kahawa yaweza kusomesha. Mwaka 1924 wasomi wao waliunda Bukoba Bahaya Union, na elimu ilikuwa miongoni mwa hamu zake kubwa. Mwaka 1950 wakulima wakaviunganisha vyama vyao katika Bukoba Native Co-operative Union. Ada za watoto wengi zimetoka katika magunia ya kahawa. Kuchangia elimu, basi, ni desturi yenye mizizi huko.

Dola nayo haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, mikoa minne ya kandokando ya Ziwa Viktoria, ukiwemo wa Ziwa Magharibi ambao leo ni Kagera, ikawa uwanja wa mradi wa kisomo chenye manufaa ulioungwa mkono na UNESCO. Wasomaji wapya wa kanda hiyo wakapata gazeti lao, Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijijini zikafunguliwa kwa msaada wa Uswidi. Kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia mwaka 1986 walibaki asilimia 9.6.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini haukuwekewa akiba. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, bajeti zilipungua, na maktaba nyingi za vijijini zikabaki na vitabu vilevile vilivyokwisha kuchakaa. Aliyefunzwa kusoma akakosa cha kusoma. Na anayekosa cha kusoma, herufi humtoka taratibu.

Ng'ambo ya mto Kagera, karibu na Masaka nchini Uganda, kijiji cha Kitengesa kilishika njia nyingine. Mwaka 1999 palikuwa na kasha la vitabu tu katika skuli ya sekondari, chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu na Kate Parry, profesa wa Chuo cha Hunter, New York. Jengo lilisimama mwaka 2002 kwa ruzuku ya mfuko ambao wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa huutolea asilimia moja ya mishahara yao. Yako mafunzo mawili hapa. La kwanza, wasomaji walitangulia na kuta zikafuata. La pili, wanafunzi waliosaidia kazi za maktaba walilipiwa ada, hata ujira wenyewe ukawa elimu. Hata hivyo, mfadhili wa mbali, awe mwema namna gani, iko siku atachoka au atastaafu.

Sisi wa pwani tunalo neno linalofaa hapa, nalo ni wakfu. Mwenye mali huizuia asili yake isiuzwe wala isirithiwe, kisha huyaachilia matunda yake yatumike kwa kheri aliyoitaja. Kwa namna hiyo minazi iliwekwa ili taa za msikiti zisikose mafuta. Vitabu navyo viliwekwa wakfu. Katika Msikiti wa Riyadha huko Lamu, uliojengwa na Habib Saleh na wafuasi wake, imehifadhiwa miswada ambayo baadhi yake ina maandishi ya kuieleza kuwa ni wakfu, ili mwanafunzi asiye na cha kununulia asome. Miswada hiyo imedumu hadi ikapigwa picha za kidijitali katika karne hii. Wenye vitabu walikwisha kufa; vitabu vikabaki vinasomwa.

Buganguzi haina minazi yetu, lakini ina mibuni. Chama kikuu cha ushirika, ambacho leo chaitwa Kagera Cooperative Union, kwa miaka mingi kimeuza sehemu ya kahawa yake katika soko la biashara ya haki, ambalo humwongezea mkulima fedha za maendeleo, na wanachama ndio wanaoamua matumizi yake. Sehemu ya fedha hizo ilinunulia hisa katika TANICA, kiwanda cha kahawa kilichopo Bukoba. Hayo ni mawazo ya wakfu bila ya jina lake: kununua kitu kizaacho badala ya kula kilichozaliwa.

Maktaba ya kata yaweza kufuata njia hiyo. Ipewe shamba lake, lisilouzwa, chini ya kamati ambayo hesabu zake husomwa hadharani kila msimu. Wala lisiwe la kahawa peke yake. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei zilianguka. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 mnyauko ukaingia katika mibuni ya Kagera. Migomba na miti ya mbao itie ubavu mwaka ambao kahawa imekataa.

Kwa hiyo, siku harambee ya maktaba itakapoitishwa, Buganguzi au kwingineko, mchangiaji na atoe kwa moyo mkunjufu. Lakini kabla hajauliza jengo litagharimu kiasi gani, aulize kwanza: shamba la maktaba li wapi?