Picha Isiyotoka Nje ya Nyumba

Ukimwuliza mtu wa rika langu ni lini watu walianza kurusha skrini ya kompyuta kwenye TV, atakutajia kile kidude kinachochomekwa nyuma ya runinga, na mwaka atakaotaja utakuwa 2013 hivi. Si jibu baya. Lakini kazi yenyewe, ya kuchukua kinachoonekana kwenye kompyuta na kukionyesha kwenye runinga iliyo mahali pengine, imewapita kwa umri wazazi wa wengi wetu. Na ukiifuata historia yake utaona kwamba umbali haukuwa shida kubwa sana. Laptopu yangu iko mita mbili kutoka kwa TV. Swali ni picha inapitia mikononi mwa nani kabla ya kufika.

Tarehe 9 Desemba 1968, mhandisi Mmarekani, Douglas Engelbart, aliketi jukwaani San Francisco mbele ya wataalamu wapatao 1,000 na kuwaonyesha kipanya, maandishi yanayobofyeka, na watu wawili wakifanyia kazi waraka mmoja kila mtu akiwa kwake. Wengi humkumbuka kwa kile kipanya. Mimi kinachonivutia ni kwamba kompyuta haikuwa ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, kama kilomita 48 kutoka pale, ni kama wewe uko Nairobi na mashine iko mbele kidogo ya Thika. Picha ilisafiri kwa maikrowevu, ndugu ya yale mawimbi yanayopasha githeri yako, na amri za kipanya na kibodi zikarudi kupitia laini ya simu.

Ila ufundi wenyewe ulikuwa tayari umefanyika maabarani, na ni ujanja ambao fundi yeyote wa mtaani angeupenda. Skrini nzuri za kompyuta zilikuwa ghali mno siku hizo. Kwa hivyo Engelbart na wenzake walikuwa na skrini ndogo, za inchi tano hivi, zimepangwa kwenye chumba cha mashine. Mbele ya kila skrini waliweka kamera ya televisheni. Kamera inaitazama skrini, waya unapeleka picha hadi ofisini, na pale mezani mtu anaangalia runinga. Yaani huyo mtu hakuwa anaangalia kompyuta. Alikuwa anaangalia kipindi cha TV kinachohusu kompyuta yake, kikitangazwa moja kwa moja kutoka chumba cha pili.

TV ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa skrini ya bei nafuu, na sababu hiyo haijawahi kuisha. ZX Spectrum ilipotoka Uingereza mwaka wa 1982 haikuja na skrini. Uliichomeka kwenye tundu la antena la runinga ya sebuleni, basi, na wazazi wakakosa taarifa ya habari. Hata sasa hapa Nairobi najua watu ambao monita yao ni TV waliyonunua mtumba, kwa sababu nusu ya bei ni nusu ya bei.

Cambridge, Uingereza, 1991. Hapa hadithi inaingia kwenye kahawa. Watafiti wa kompyuta chuoni walikuwa na birika moja la kahawa la kugawana, na walioketi mbali walichoka kutembea hadi pale na kukuta limekauka. Wakaelekeza kamera kwenye birika. Paul Jardetzky akaandika programu ya kunasa picha, Quentin Stafford-Fraser akaandika ile ya kuionyesha kwenye kona ya skrini ya kila mtu: kapicha kadogo ka kijivujivu, kanachobadilika mara chache kwa dakika. Ilitosha. Kahawa ipo au haipo.

Stafford-Fraser huyohuyo alikuja kuwa mmoja wa waliotengeneza VNC, kwenye maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Olivetti mjini humo. Ilitolewa 1998, bure, na msimbo wake wazi kwa kila mtu. Safari hii kamera haihitajiki. Programu inaitazama skrini yenyewe, inaangalia ni sehemu gani imebadilika, kisha inatuma kile kipande tu. Ukiandika herufi moja, kinachosafiri ni kijimraba kinachobeba ile herufi. Maabara ilifungwa 2002, lakini kwa vile msimbo ulishasambaa, hakuna aliyeweza kuizima VNC. Baadhi ya waliokuwa pale walianzisha kampuni, wengine duniani wakaendelea na matawi yao, na hadi leo ukiitaka unaipata.

Tatizo la VNC ni filamu. Kwenye filamu kila kitu kinabadilika, kila mara, kwa hivyo ujanja wa vijimraba unakwama. Hesabu yake si ngumu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ni biti 24. Picha 30 kwa sekunde. Zidisha, unapata karibu biti bilioni 1.5 kila sekunde. Wi-Fi ya kwanza iliyowekewa kiwango rasmi, ya 1997, ilipitisha milioni 2. Ni sawa na kutaka kumwaga tangi la maji kwa mrija wa soda. Lazima ubane picha kwanza, na kubana picha ya video papo hapo, bila kuchelewa, ni kazi iliyokuwa ikizichosha kompyuta za wakati huo hadi feni zinalia.

Waliotusaidia hapo ni vijana wa chuo waliotaka kucheza gemu.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1990, wanafunzi wa École Centrale Paris, nje kidogo ya Paris, walikuwa wanaendesha wenyewe mtandao wa kompyuta wa mabweni yao. Mtandao ulikuwa wa kizamani na polepole, na gemu za kuchezwa na watu wengi zilikuwa zinakwama. Walihitaji mpya. Chuo hakikuwa tayari kulipia, wakaambiwa watafute wafadhili nje. Sasa nani atakupa pesa ukimwambia ni za kupigania risasi za kwenye skrini? Ikabidi kuwe na sababu ya heshima. Sababu ikawa televisheni: badala ya kila mwanafunzi kununua dishi na kisanduku chake, kuwe na dishi moja, na mawimbi ya setilaiti yasambazwe kwa mtandao mpaka kwenye kompyuta ya kila chumba. Mtandao wa kasi ukaja. Mradi ulianza 1996 na ukaitwa VideoLAN. Walitakiwa kuandika programu mbili, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea. Februari 2001 chuo kiliridhia msimbo utolewe bure kwa dunia. Ile ya kupokea unaijua. Ni VLC, ile yenye koni ya rangi ya chungwa, kwa sababu chama chao cha mtandao kilikuwa na mkusanyiko wa koni za barabarani, na sitauliza walizitoa wapi.

Kila mtu aliyewahi kupeleka flashi kwenye movie shop akawekewa filamu za DJ Afro ameiona hiyo koni. Wachache wanajua kwamba programu ileile inaweza kuichukua skrini yako nzima, kuibana, na kuituma kwenye anwani yoyote ndani ya nyumba. Kipokezi kikiwa na VLC, na TV nyingi za kisasa zinaikubali, basi umepata kituo chako cha utangazaji. Picha itachelewa sekunde moja au mbili. Kwa gemu haifai, lakini kwa filamu ni sawa kabisa.

Mwezi fulani malipo yangu ya intaneti yaliisha tarehe 24, mfuko ukiwa umeisha pia. Ruta ilikuwa inawaka taa zote isipokuwa ile ya nje. Jirani wa mlango wa pili, tunamwita Mama Brayo, akabisha kuuliza kama TV yangu inafanya kazi maana watoto wake wamechoka. Nikarusha katuni kutoka kwa laptopu hadi kwenye runinga kupitia ileile ruta isiyo na intaneti. Brayo, wa miaka minane, akaniuliza, “Anko, si umesema bando imeisha?” Nikamwambia imeisha. Akaangalia ruta, akaangalia TV, akaketi.

Ni jambo ambalo matangazo hayatuambii, na kwa nchi ya watu wanaohesabu megabaiti lina uzito. Mtandao wa nyumbani si intaneti. Ruta ni kama korido, na mlango wa nje unaweza kufungwa watu wakaendelea kutembeleana vyumbani. Mwaka wa 2012 ulipoletwa mfumo wa Miracast, laptopu na TV ziliweza kuongea zenyewe hata bila ruta. Apple walikuwa na AirPlay yao, na mwaka uohuo wakairuhusu kompyuta za Mac kuonyesha skrini nzima. Kompyuta pia zilikuwa zimeanza kuja na sehemu maalumu ya kubana video ndani ya chipu, zile feni zikanyamaza, na kufikia 2014 Valve waliweza kurusha gemu kutoka chumba cha kulala hadi sebuleni.

Katikati ya haya, Julai 2013, Google walitoa Chromecast kwa dola 35. Ilikuwa rahisi kutumia, ikauza. Lakini ukiitumia kwa YouTube, simu yako haitumi picha yoyote. Inakuwa rimoti tu: inaiambia Chromecast, “nenda kachukue video hii,” nayo inatoka nje hadi intaneti kuileta. Kurusha skrini ya kompyuta bado kulipita ndani ya nyumba. Ila hata hapo, kabla ya kutuma picha, kompyuta ilitaka kukithibitisha kifaa kwa vyeti vya kidijitali vilivyotolewa na Google.

Vyeti huwa na tarehe ya mwisho. Machi 2025 kimoja kilichotolewa miaka kumi nyuma kiliisha muda, na Chromecast za toleo la pili zikagoma duniani kote. Laptopu ilikuwa nzima, TV nzima, Wi-Fi nzima, vyote sebule moja, na ujumbe ukasema kifaa hakiaminiki. Google walikuwa wameuza zaidi ya milioni 100 za Chromecast za kila aina kufikia 2024, walipotangaza kuacha kuzitengeneza. Marekebisho yalitumwa baada ya siku chache. Watu walikuwa wameombwa wasirudishe vifaa vyao katika hali ya kiwandani, ila wengi walikuwa washafanya hivyo, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mtu hujaribu. Hao ikabidi wangoje zaidi.